TV ukutani Katumba: Pima tofali kabla ya kununua braketi

Mtu akiingia dukani Mpanda mjini kutafuta braketi ya TV, swali la kwanza huwa ni la inchi: 32, 43 au 55? Ni swali la maana, ila kwa nyumba nyingi za Katumba halitoshi. Kinachoamua kama TV itabaki juu au itashuka na kipande cha ukuta ni tofali lililojificha nyuma ya lipu.

Na ikishuka, haishuki kidogo. TV bapa ya inchi 32 ina kilo 4 hadi 6 hivi, ya inchi 55 inaweza kufika kilo 15 au kupita, na chini yake ndipo watoto wanapokaa kuangalia katuni. Nchini Marekani, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, CPSC, imekuwa ikionya kwa miaka mingi kuhusu TV zinazoangukia watoto wadogo.

TV ya chogo ilikuwa nzito na ilitulia mezani kwa uzito wake. Hizi nyembamba mtoto akizisukuma zinapinduka, ndiyo maana kuzifunga ukutani ni wazo zuri. Mradi ukuta wenyewe uwe na uwezo wa kushika kitu.

Nyumba za zamani na mpya, ukuta kwa ukuta

Katumba ilianzishwa mwaka 1972 kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi. Leo ipo katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, mkoani Katavi. Vyeti vya uraia wa Tanzania vilianza kutolewa mwaka 2014 kwa watu takriban 162,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kabla ya hapo kulikuwa na mpango wa kuwahamishia mikoa mingine, mpango ambao baadaye uliachwa.

Historia hiyo inaonekana hadi kwenye kuta. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwa hapo hapo anajenga kwa kilichopo: udongo wa palepale, tofali mbichi zilizokaushwa juani, matope badala ya saruji. Waliojenga baadaye wakiwa na uhakika wa kubaki wanaweka tofali za kuchoma na kufunga lenta. Nyumba za aina hizo mbili zinakaa jirani, na zikishapigwa lipu na rangi, kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Ukuta hujulikana kwa vumbi lake

Njia ya uhakika ni kutoboa tundu dogo la majaribio mahali ambapo TV itapafunika, kisha kuangalia vumbi linalotoka.

Sentimita moja au mbili za mwanzo huwa ni lipu: vumbi la kijivu la saruji na mchanga. Baada ya hapo, vumbi jekundu, kavu, huku drili ikisikia ukinzani, ni tofali la kuchoma. Vumbi la kahawia linalomwagika kama unga na biti kuzama yenyewe ni tofali mbichi, au ni udongo uliounganisha tofali. Ikiwa drili inazama ghafla kama imeingia hewani, hiyo ni bloku yenye uwazi katikati, nayo inahitaji bolti maalumu zinazofunguka zikishapita upande wa pili.

Tundu moja halitoshi. Fundi akikutana na vumbi la kahawia asogee sentimita 5 pembeni na kujaribu tena, maana inawezekana aliangukia kwenye kiungo tu.

Kuna na suala la maji. Katavi ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia kama Novemba hadi Aprili. Ukuta wa udongo ulio imara Agosti unaweza kuwa laini Februari, hasa ule unaopigwa na mvua ya upepo au ulio chini ya bati linalovuja. TV ifungwe kwenye ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba, au ule unaolindwa na baraza.

Braketi zipo za aina tatu

Ya kwanza ni ya kubana: TV inalala karibu na ukuta na haisogei. Ya pili inainamisha TV kuelekea chini. Ya tatu ina mkono unaovutwa mbele na kugeuzwa kulia na kushoto. Hii ya mkono ndiyo inayovutia wengi dukani, na ndiyo inayotesa ukuta kuliko zote.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua TV ya kilo 8 na braketi ambayo skrubu za juu na za chini zimeachana sentimita 20. Kwenye braketi ya kubana, uzito unakaa kama sentimita 6 kutoka ukutani, kwa hiyo skrubu za juu zinavutwa nje kwa nguvu ya kilo 2.4 hivi. Mkono ukivutwa hadi sentimita 40, skrubu zilezile zinavutwa kwa kilo 16. TV haijaongezeka hata gramu moja, na hapo hakuna aliyeigusa.

Kwa Katumba, basi, ya kubana au ya kuinamisha inatosha karibu kila sebule. Ya mkono iachiwe ukuta wa zege au wa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa saruji.

Kuhusu kama braketi itaingia kwenye TV, jibu liko mgongoni mwa TV yenyewe. Kuna matundu manne ya skrubu. Futikamba ipime umbali kati yake kwa milimita, kwa upana kisha kwa kimo: 100 kwa 100, 200 kwa 200, 400 kwa 400 na kadhalika. Vipimo hivyo vinafuata utaratibu wa kimataifa uitwao VESA, hivyo TV ya kampuni moja inakubali braketi ya kampuni nyingine ilimradi namba zilingane. Kwenye boksi la braketi huandikwa pia uzito wa juu inaoweza kubeba. Uzito huo unahusu chuma, haumaanishi kwamba ukuta wako utaubeba.

Skrubu za mgongoni huwa za M4, M6 au M8. Ikigoma kuingia kwa mkono, isilazimishwe. Ikiwa ndefu kupita kiasi inaweza kutoboa hadi kwenye kioo, na hasara hiyo haina fundi.

Kwenye tofali la kuchoma

Hapa kazi ni ya kawaida, ila ina mitego miwili. Kwanza, tundu liingie katikati ya tofali, lisiingie kwenye kiungo. Nyumba nyingi za tofali za kuchoma vijijini zimeunganishwa kwa udongo, na kiungo cha udongo hakishiki skrubu. Matundu ya braketi huwa ni mengi kwa sababu hiyo hiyo: fundi achague yale yanayoangukia kwenye tofali.

Pili, drili ianze bila kugonga. Tofali lisiloiva vizuri kwenye tanuri linapasuka likigongwa, na ufa hauonekani mpaka mzigo uupate.

Kipande cha plastiki kinachoshika skrubu kizame chote ndani ya tofali. Kikiishia kwenye lipu, TV itakuwa inaning'inia kwenye sentimita mbili za saruji na mchanga. Kipande cha milimita 8 kinataka biti ya zege ya milimita 8, na skrubu ya milimita 60 hadi 80 ili ipite lipu. Vumbi lipulizwe litoke kabla ya kukiingiza. Kikizunguka pamoja na skrubu, tundu limeharibika. Kujaza vijiti vya kiberiti ni kuahirisha msiba.

Pimamaji iwekwe kwenye braketi, sio kwenye dari, kwa sababu dari nyingi zenyewe hazijanyooka. Kabla TV haijapanda, mtu mzima aivute braketi kuelekea chini kwa mikono yote miwili. Ikicheza hata kidogo, kazi irudiwe.

Kwenye tofali mbichi

Hapa ndipo ushauri wa video za mtandaoni unapoishia, maana nyingi zinaonyesha kuta za zege au za mbao na jipsamu. Skrubu kwenye udongo mkavu inashika leo, ila kila mlango unapobamizwa inalegea kidogo. Kuongeza urefu wa skrubu hakusaidii sana. Kubandika saruji kuzunguka tundu nako hakusaidii, kwa sababu saruji na udongo havishikani vizuri na kipande chote kinaweza kutoka kikiwa kizima.

Kinachofanya kazi ni kuuondolea ukuta mzigo. Nguzo mbili za mbao zinasimamishwa kuegemea ukuta, chini zikikaa juu ya sakafu ya saruji, juu zikifungwa kwenye mbao za kenchi. Ubao mnene unapigwa kati yake kwa bolti, na braketi inafungwa kwenye huo ubao. Uzito wa TV unashuka sakafuni kupitia nguzo, ukuta unabaki kama mgongo wa kuegemea tu. Seremala wa kawaida anaimaliza kazi hiyo kwa siku moja, na ikipigwa vanishi inapendeza kuliko braketi tupu.

Adui ni mchwa. Mbao laini isiyotiwa dawa, ikigusa ukuta wa udongo, italiwa kutoka nyuma bila mtu kuona. Mninga, ambao ni mti wa misitu ya ukanda huu wa Katavi na Tabora, moyo wake unavumilia mchwa vizuri, japo bei yake sio ya kitoto. Wasioumudu watumie mbao zilizotiwa dawa na kuweka karatasi ya nailoni kati ya mbao na ukuta.

Kama sakafu ni ya udongo na kenchi ni fito tu, jibu la kweli ni kabati pana na fupi. TV ifungwe kwa mkanda kwenye kabati isipinduke. Hiyo sio aibu.

Iwekwe juu kiasi gani?

Sebuleni, katikati ya kioo pawe usawa wa macho ya mtu aliyeketi, yaani mita 1 hadi 1.1 kutoka sakafuni. Tabia ya kupandisha TV karibu na dari imetoka baa na vibanda umiza, ambako watu wa nyuma lazima waone juu ya vichwa siku Simba na Yanga zinakutana. Nyumbani inaumiza shingo tu. Wenye vibanda wao wanahitaji juu, na wanahitaji braketi ya kuinamisha, na kwa vile wanakaa na watu wengi chini ya kioo, wasijaribu kabisa tofali mbichi bila nguzo.

Umeme, sola na radi

Drili isipite juu wala chini ya soketi au swichi kwa mstari ulionyooka, kwa sababu waya zilizozikwa ukutani hupita hapo mara nyingi. Swichi kuu izimwe, na kama drili ni ya umeme, chumba hicho kikatwe na drili itumie chumba kingine.

Kwa wanaotumia sola, umbali wa betri unaamua ukuta upi. TV ya volti 12 inayokula wati 24 huvuta ampea 2. Ikifungwa mita 10 kutoka kwenye betri kwa waya wa 1.5, karibu nusu volti hupotea njiani, na betri ikishuka usiku TV huanza kujizima yenyewe. Waya mnene au ukuta wa karibu unamaliza tatizo hilo.

King'amuzi kisiwekwe juu ya TV kwa gundi. Kina joto, na gundi huachia. Rafu ndogo pembeni inatosha. Soketi nayo iwe pembeni ya TV mahali mkono unafika, isiwe nyuma yake. Radi za Katavi zikianza, plagi ya TV na waya wa dishi vinatakiwa kuchomolewa mapema kabla mvua haijakaribia, na hakuna atakayeishusha TV nzima ili aifikie plagi.

Mvua zikiisha, kila mwaka, skrubu zikaguliwe upya. Ufa mpya kwenye lipu kuzunguka braketi, hata mwembamba kama unywele, unatosha kuishusha TV siku hiyo hiyo.