Magoti yanasagika? Matope ya moto yanasaidia, lakini si yale ya mikokoni

Unaamka goti limekaza, ukichuchumaa linaalika, ukisimama linauma. Mtaani wanasema "ute umeisha". Mara nyingi kinacholika ni gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ili isisuguane.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na tatizo la kusagika kwa viungo, na goti ndilo linaloathirika zaidi. Asilimia 60 ni wanawake. Umri, uzito mkubwa na jeraha la zamani huchangia, na kazi za kuinama na kuchuchumaa pia, kama za wakulima wa mwani wa Songosongo maji yakishatoka.

Matope yanaingiaje hapa? Italia, Uturuki na Israel kuna vituo vinavyowapaka wagonjwa matope maalumu yenye joto la nyuzi 40 hivi, dakika 15 hadi 20 kwa siku, kwa wiki mbili hivi. Tafiti kadhaa zimeonyesha maumivu na kukakamaa hupungua, wakati mwingine kwa miezi kadhaa. Tatizo la tafiti hizo ni kwamba huwezi kumficha mgonjwa asijue amepakwa matope, kwa hiyo imani nayo inaweza kuchangia nafuu. Na gegedu iliyolika hairudi.

Sasa usikurupuke kwenda kuchota tope la mikoko Kivinje. Lile halijaandaliwa: lina vijidudu na vipande vya chaza vinavyokata ngozi. Wapo pia wanaofikiria kufunga safari hadi chemchemi za maji moto, kama za Amboni, Tanga, au Luhoi, Rufiji. Kuoga huko kunaweza kuburudisha, ila joto linapatikana hata nyumbani, bila nauli.

Loweka taulo kwenye maji ya moto yanayovumilika, kamua, funga gotini dakika 15. Jaribu joto kwa kiwiko kwanza. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asifanye hivi bila ushauri wa daktari, maana anaweza kuungua asijue. Goti lenye kidonda nalo liache.

Taulo likitoka, fanya zoezi, kwa sababu hapo ndipo penye ushahidi mkubwa kuliko matope. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu hadi tano, ushushe. Mara kumi kila mguu, kila siku. Misuli ya paja ikiwa imara, goti linapumua. Kama uzito umezidi, hata kilo chache zikipungua utaona tofauti.

Lakini goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto huku una homa, au usiweze kulikanyagia baada ya kuanguka, achana na taulo. Nenda hospitali siku hiyohiyo: Kinyonga kwa walio Kilwa, Sokoine kwa walio Lindi mjini.