Ukingo wa Meli

Mwaka ule niliacha chuo, niliagiza chaja za simu kutoka Guangzhou. Pesa zilikuwa za mama, mgao wake wa chama. Sanduku lilifika Nyamakima limelowa, chaja zimeshika kutu. Nilipolalamika, muuzaji alinionyesha herufi tatu kwenye invoisi: FOB. Yaani mzigo ulishapanda meli, hasara ni yako. Nikaamini. Nikamwambia mama ni bahati mbaya.

Imenichukua miaka kuuliza herufi hizo zinasema nini hasa.

FOB ni lugha ya biashara ya baharini: muuzaji anabeba hatari hadi mzigo upakiwe, kisha bahari inakuwa ya mnunuzi. Mwaka 1936, Chama cha Kimataifa cha Biashara (ICC) huko Paris kilianza kuchapisha kanuni ziitwazo Incoterms, ili watu wa nchi tofauti wasigombane kuhusu maana ya maneno kama haya. Na kwa miongo mingi mpaka wa FOB ulikuwa ukingo wa meli.

Hebu fikiria. Kreni imenyanyua mzigo kutoka gatini. Ukianguka kabla ya kuvuka ukingo, hasara ni ya muuzaji. Ukivuka ndipo uanguke, ni ya mnunuzi. Tofauti ni hatua moja hewani.

Na ilishatokea. Kampuni ya Pyrene iliiuzia serikali ya India magari ya zimamoto, FOB London. Moja likaanguka wakati wa kupakiwa, kabla halijavuka ukingo. Kwa hiyo lilikuwa bado mzigo wa Pyrene, nao wakaishtaki kampuni ya meli, Scindia. Katika hukumu ya 1954, Jaji Devlin aliudhihaki mpaka huo wa hewani. Matengenezo yaligharimu zaidi ya pauni 900. Pyrene wakapata 200 tu, kwa sababu fidia ya msafirishaji ilikuwa na kikomo.

Ukingo uliondolewa katika Incoterms 2010. Sasa hatari inahama mzigo ukishawekwa ndani ya meli. Tena ICC inashauri FOB isitumike kwa kontena, maana kontena huachwa yadi kabla hata meli haijaja.

Niliposoma hapo, nikarudi kwenye meseji za yule muuzaji. Aliniandikia mwenyewe: sanduku limekaa yadi siku tisa likingoja meli, na mvua haikatiki.

Kama maji yaliingia pale, FOB ile ile aliyonitajia ilimfunga yeye. Lakini sikuwahi kumuuliza sanduku lililowa wapi. Niliuliza tu nani atalipa, na yeye akawahi kujibu.

Mama bado husema ilikuwa mipango ya Mungu. Sijapata ujasiri wa kumwambia kuhusu zile siku tisa.