Mhanga wa Askofu: Historia ya Shambulizi Moja la Sataranji

Jina sataranji tumelipata kutoka Kiarabu, ambako mchezo huitwa shatranj. Waarabu nao walilipokea kwa Waajemi, na asili yake ni neno la Kisanskriti chaturanga, yaani jeshi lenye sehemu nne: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Katika makala haya tunafuatilia mbinu moja ya mchezo huo: kutoa askofu mhanga ili kumfikia mfalme aliyejificha pembeni, nyuma ya askari watatu na kando ya ngome yake.

Mbinu hii haikuwezekana katika shatranj. Kete tunayoiita askofu ilikuwa tembo, nayo iliruka miraba miwili tu kwa mshazari. Kati ya miraba 64 ya ubao, kila tembo aliweza kufika 8 tu. Malkia alikuwa waziri, na alisogea mraba mmoja mmoja. Isitoshe, kanuni ya kumficha mfalme kwa kubadilishana nafasi na ngome haikuwapo. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya, kete hizo mbili zilipewa uwezo wa kwenda mbali, na mchezo ukabadilika.

Katika miaka ya 1620, Mwitaliano Gioachino Greco aliandika mifano ya michezo, na mmojawapo unaonyesha mhanga huu. Askofu anamla askari aliye mbele ya mfalme. Mfalme akimla askofu huyo, farasi anaruka karibu na kumtishia, kisha malkia anaingia. Mfalme hujikuta nje, mbali na watetezi wake. Lakini mhanga si kamari: kama farasi au malkia hawezi kufika kwa wakati, aliyetoa askofu amepata hasara tupu.

Mwaka 1889, mjini Amsterdam, Emanuel Lasker, kijana wa miaka 20, alikwenda mbali zaidi. Dhidi ya Johann Bauer alitoa maaskofu wote wawili, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukuta wa askari ukabomoka. Ili kumwokoa mfalme, Bauer alilazimika kumwachia malkia wake kwa ngome. Hatua iliyofuata, malkia wa Lasker aliwatishia maaskofu wawili wa Bauer kwa mpigo, na mmoja hakuweza kuokolewa.

Miaka 25 baadaye, mjini St Petersburg, Siegbert Tarrasch alimshinda Aron Nimzowitsch kwa mhanga huohuo wa maaskofu wawili. Alipewa zawadi ya pili ya mchezo mzuri. Ya kwanza ilikwenda kwa Capablanca wa Kuba. Husimuliwa kwamba kilichomponza Tarrasch ni kuwa Lasker alikwisha kumtangulia.

Je, alionewa? Sisi tunaofundisha lugha twaweza kulitazama suala hili kwa jicho letu. Anayetumia methali hakuitunga, lakini kuitumia mahali pake ni ujuzi. Tarrasch alipaswa kutambua kwamba hali iliyo mbele yake iliruhusu mhanga ule, na kupiga hesabu upya, kwa kuwa kete hazikupangwa kama zile za Amsterdam. Zawadi ya kwanza ni haki ya mvumbuzi. Hata hivyo, mbinu hudumu kwa sababu ya wale wanaojua wakati wa kuirudia, na hilo ndilo tunalowadai wanafunzi wetu kila siku.