Panya wa Morogoro na Majina ya Virusi

Historia ya virusi ni historia ya majina pia. Katika mwaka wa 1969 ugonjwa mpya ulitokea katika mji wa Lassa, huko Nigeria, nao ukaitwa kwa jina la mji huo. Baadaye ilithibitika kwamba kirusi chake hukaa katika panya wa mashambani, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis. Panya wa aina iyo hiyo huwala wakulima wa Morogoro mahindi yao, toka mbegu hata ghala.

Kirusi cha Lassa huua watu, kwa hiyo hakichunguzwi ila katika maabara chache zenye ulinzi mkali. Aidha, viko virusi vya binadamu, kama kile cha UKIMWI, visivyomshika panya wa kawaida kabisa. Ndipo katika mwaka wa 1988 wataalamu wa Marekani walipowachukua panya waliozaliwa bila kinga ya mwili, wakawapandikizia tishu za binadamu. Kuwaita hao "panya waliofanywa watu" kungepotosha. Yafaa waitwe "panya wenye seli za binadamu", maana hicho tu ndicho walichopewa.

Morogoro ilifuata njia nyingine. Chini ya milima ya Uluguru, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Antwerp, Ubelgiji, walimchunguza panya kwa ajili ya kuokoa mavuno. Tangu mwaka wa 1994 panya walinaswa, wakatiwa alama na kuachiliwa katika shamba lile lile, ili ijulikane jinsi wanavyoongezeka kwa kufuata mvua. Katika mwaka wa 2009 ilitangazwa kuwa panya wa hapo wana kirusi kilicho jamaa ya kile cha Lassa, nacho kikaitwa kirusi cha Morogoro.

Kirusi hicho hakijulikani kumdhuru mtu. Kwa hiyo kimewezesha kuchunguza bila hatari kubwa mambo ambayo kwa Lassa ni ya kuogofya: panya hukitoa kwa siku ngapi, na humwambukizaje mwenziwe. Panya wa maabara huonyesha kirusi kifanyavyo ndani ya mwili. Panya wa shambani huonyesha kinakotoka kabla ya kumfikia mtu.

Hapana budi, basi, jina hilo lifasiriwe kwa uangalifu. Linataja mahali kirusi kilipogunduliwa, wala halisemi kwamba mji una maradhi.