Fundi Hana Upande

Juzi walikuja kina mama wa pande mbili siku moja, wakipishana kama saa moja tu. Wa kwanza walileta vitenge vya kijani kilichokolea, vimevuka ziwa kutoka Kongo, bado vina harufu ya dukani. Nilipomaliza kuwapima wote kumi na wanne, kiongozi wao alibaki nyuma, akainama juu ya cherehani.

"Fundi, hao wenzetu wamekuletea rangi gani?"

"Sijawatia machoni, mama."

Wa pili walipofika na zambarau yao, swali likawa lilelile na jibu lilelile. Harusi ni moja: hawa wa bibi harusi, hawa wa bwana harusi. Jumamosi watakutana uwanjani, watarushiana vijembe kwa nyimbo hadi usiku wa manane, kisha watakula sinia moja. Mpaka siku hiyo, siri ya rangi inakaa kwangu.

Uongo huo niliurithi pamoja na meza ya kukatia. Nashona Ujiji, baba alishona Ujiji, na babu kabla yake. Babu alikuwa na neno moja alilolirudia kila mteja mdadisi alipokanyaga kizingiti: "Fundi hana upande." Kwa miaka mingi nililichukulia kuwa ni hekima ya biashara, maana ukipendelea kundi moja utapoteza pesa za lingine. Nimekuja kulielewa ukubwani, baada ya rafiki yangu mwalimu wa sekondari kuniazima fotokopi ya kitabu cha Terence Ranger, profesa Mwingereza aliyeandika historia ya ngoma ya beni.

Kwanza nimseme mwenyewe, maana maisha yake yananisaidia kusoma kitabu chake. Ranger alizaliwa mwaka 1929, na mwaka 1957 akaenda kufundisha historia katika chuo kikuu cha Salisbury, Rhodesia ya Kusini, mji ambao leo ni Harare. Huko alikuta weupe na weusi wametenganishwa kila mahali, hata kwenye mabwawa ya kuogelea. Akaungana na waliopinga ubaguzi huo bila silaha, kwa mikutano na maandamano. Siku moja kwenye bwawa, mpinzani wake alimsukuma majini akiwa na nguo zake zote mwilini. Mwaka 1963 serikali ikamfukuza nchini. Dar es Salaam ikampokea, akawa profesa wa kwanza wa historia katika chuo kikuu chetu, akakaa hadi 1969. Kitabu chake cha beni kilitoka mwaka 1975.

Mtu aliyetumbukizwa bwawani na suti yake, halafu akaandika kitabu kizima juu ya watu waliovaa sare na kucheza: fundi cherehani hawezi kukiacha kitabu hicho.

Beni ni neno la Kiingereza la bendi, likapewa mdomo wa Kiswahili. Ngoma hiyo ilianza pwani, kwenye miaka ya 1890, watu walipochukua tarumbeta, ngoma kubwa na mwendo wa kijeshi wa Wazungu na kuvitia ndani ya desturi ya zamani ya miji ya Waswahili: mji kugawanyika pande mbili na kushindana. Mombasa walikuwa na Kingi na Skochi. Huku Tanganyika majina yaliyotapakaa ni Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana wa mji. Arinoti wakawa kimbilio la wa hali ya chini na wageni kutoka bara. Kila chama kilikuwa na vyeo: mfalme, gavana, jenerali, hakimu, daktari. Walipita mitaani kwa gwaride, wakaimba nyimbo za kuwasimanga wapinzani, wakaandaa karamu za kuwatia wenzao haya. Wazee walilalamika kuwa vijana wanaingia kwenye madeni kwa ajili ya karamu hizo. Nadhani hata babu alikuwa akidai.

Nyumbani kwetu neno Marini lilibaki muda mrefu kuliko ngoma yenyewe. Baba akimwona kijana amenyoosha suruali kwa pasi hadi ikakata upepo, alisema, "Marini huyo." Ngoma yao hakuwahi kuiona. Neno alilipata kwa babu, na babu alilipata kazini.

Yafaa kuukumbuka mji wenyewe ulivyokuwa. Ujiji haukuwahi kuwa wa watu wa asili moja. Wenyeji wa ufuo ni Wajiji, ndugu wa Waha. Kuelekea katikati ya karne ya 19 wakaingia Waarabu na Waswahili wa pwani kwa biashara ya pembe na watumwa. Burton na Speke walifika Februari 1858 wakaukuta ni soko. Stanley alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871, na jumba la kumbukumbu yao liko mwendo mfupi kutoka kibandani kwangu. Kisha kuna waliotoka ng'ambo ya magharibi ya ziwa, wakaitwa Wamanyema, jina lililowakusanya watu wa makabila mengi. Wengine walikuja kwa hiari, wapagazi na wafanyabiashara. Wengi walivushwa wamefungwa. Utumwa ulipokwisha, aliyenunua na aliyenunuliwa walibaki mtaa mmoja, wakachota maji ufuo mmoja, wakaswali msikiti mmoja. Wangepatanishwa na nani? Hapakuwa na baraza la kusikiliza madai yale. Ila palikuwa na ngoma, na ndani ya ngoma mjukuu wa mtumwa aliweza kuvaa kofia ya jenerali na kumwimbia mjukuu wa bwana mambo ambayo mchana, sokoni, yangemletea kipigo.

Reli ya kati ilifika Kigoma, jirani na Ujiji, Februari 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walileta kwa reli hiyo meli iliyofungwa vipande vipande kwenye makasha, wakaiunganisha hapo, wakaiita Graf von Götzen. Julai 1916 waliizamisha wenyewe wakikimbia, na Wabelgiji wakaingia. Wakakaa Kigoma hadi 1921, ndipo Mwingereza akakabidhiwa. Meli iliibuliwa, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Ndani ya miaka 7 tu, mtu wa Ujiji alisalimia bendera tatu bila kuhama nyumba.

Hapo beni ilipata mbawa. Ranger anaeleza jinsi askari na wapagazi wa pande zote mbili za vita walivyoibeba: waliopiganishwa na Wazungu mchana walikutana na ngoma ileile jioni, na mfungwa aliweza kumkuta Marini mwenzake upande wa adui. Vita ilipokwisha, matawi yakaenea kando ya reli na maziwa. Mwanachama akihamia mji mwingine alipokewa na chama chake. Akiugua aliuguzwa, akifa alizikwa kwa heshima.

Wengi waliiona beni kuwa ni kuiga Wazungu tu. Ranger alikataa, nami namuunga mkono kwa sababu za kazi. Mteja akiniletea koti la kizungu nilishone jingine kama lile, sianzi kwa kushona. Naanza kwa kulifumua moja kuukuu la aina ileile, nione bega limetiwa nini, mfuko umefichwaje, kola inasimamaje. Nikimaliza, lile koti haliwezi kunitisha tena. Watu wa beni waliifumua serikali namna hiyo. Waliona gavana ni kofia, mkanda na sauti, na kwamba vyote vitatu vinapatikana mtaani.

Serikali nayo ililiona hilo. Baada ya vita maofisa wa Kiingereza waliwachunguza wana beni, wakihofu kuna njama nyuma ya vyeo vile. Mwaka 1935 wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi iliyopakana na ziwa letu upande wa kusini, waligoma kupinga kodi. Huko Luanshya watu sita waliuawa kwa risasi. Tume ya uchunguzi ilipokaa, moja ya mambo iliyoyahoji ni vyama vya ngoma, ambavyo kule viliitwa mbeni. Serikali ilitilia shaka matarumbeta, na risasi zilikuwa zake.

Hadi hapa ningeweza kuishia, niseme ngoma ni amani, kila mtu aende nyumbani. Lakini mimi ni mtu wa Ujiji, na Ujiji kuna mwaka 1932.

Mwaka huo vyama viwili hasimu vya mji wetu viliingia kwenye ghasia zilizoitwa vita. Mtafiti Sheryl McCurdy alichapisha makala juu yake mwaka 1996, na alichotaka kukijua ni wanawake: wao waliochochea walikuwa na sababu zipi? Bibi yangu hakupenda kuzungumzia mambo ya zamani zile. Ukimbana sana alisema sentensi moja, "Siku ile ngoma ilivuka uwanja," kisha akaendelea kuchambua dagaa.

Nimeifikiria sentensi hiyo kuliko kitabu chochote. Mwanamke wa Ujiji wa wakati ule hakuwa na kiti barazani kwa liwali. Shauri lake lilisemwa na mume au kaka. Mahali pekee alipokuwa na cheo, sauti na watu wa kumsikiliza ni kwenye chama chake. Sasa mtu ambaye ana kiti kimoja tu duniani, ukikitikisa kiti hicho humchezei tena. Kijembe kilichokuwa cha uwanjani kikamfuata hadi kisimani, kikamfuata hadi mlangoni kwake. Pale mchezo ulipokosa mpaka, mawe yakapata nafasi.

Kwa hiyo sisemi ngoma huzuia ugomvi. Ugomvi haukosekani kwenye mji wenye watu. Ngoma huupa uwanja, huupa saa ya kuanza na saa ya kwisha, huupa sare ili ujue mpinzani wako ni nani leo na kesho akivua ni jirani. Vikikosekana hivyo, ngoma ileile ni kuni.

Nguvu hiyo ikielekezwa vizuri inafika mbali. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba huko Dar es Salaam. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, alipita kwenye vikundi vya ngoma kama chake, kwa sababu huko viongozi walikuwapo tayari, michango ilikuwapo, na kuitana nyumba hadi nyumba kulikuwa ni kazi ya kila wiki. Wakajaa maelfu, na uhuru ukaja mwaka 1961 bila vita. Watu husifu hotuba, na hotuba zilistahili. Lakini nani aliwakusanya wasikilizaji?

Majirani zetu wa kaskazini, Warundi, wana neno moja, ingoma: ni ngoma ya kupigwa, na ni utawala pia. Ngoma zao za kifalme ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Mwaka uliofuata, Mei 2015, maelfu kwa maelfu yao walijazana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na maji, wakikimbia machafuko, na kipindupindu kikawakuta hapohapo. Liemba, meli ya vita ya Mjerumani, ndiyo iliyowaleta Kigoma, wakapumzishwa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu. Siku zile nilishona magauni ya watoto kwa mabaki ya vitenge, kijani na zambarau na nyekundu katika gauni moja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na muda wa kuuliza rangi ni ya nani.

Mwaka 2012 vijana wa mkoa wetu waliojipatia jina kwenye muziki, Diamond Platnumz akiwamo, walijikusanya wakajiita Kigoma All Stars, wakatoa wimbo wenye jina la Kiha, "Leka Dutigite", yaani acha turinge. Wengine walisema ni majivuno. Niliwajibu kwamba Ujiji maringo ni kazi kama uvuvi: ukikosa mahali pa kuringia, utaringia penye rungu.

Tatizo la siku hizi ni simu. Jana nilimkuta kijana wangu wa kazi anapiga picha vitenge vya kijani aweke kwenye WhatsApp. Nikamnyang'anya. Aliniona mzee wa mambo ya kale: picha tu, fundi, kuna ubaya gani? Nikamweleza kuhusu Marini, Arinoti na mwaka 1932, akanisikiliza kama mtu anayengoja kurudishiwa simu.

Leo jioni nilikuwa napindia nguo za zambarau, mlango nimeurudisha. Hodi ikapigwa. Ni yule mama wa kijani, amekuja kumalizia malipo. Nikafunika kazi kwa shuka, nikatoka barazani, nikapokea pesa, nikahesabu. Yeye hakuondoka. Alikuwa akiutazama mkono wa shati langu, ambako uzi mrefu wa zambarau ulikuwa umening'ang'ania.

Akautazama ule uzi, akanitazama mimi.

"Fundi," akasema, "kung'uta shati lako, vumbi limezidi." Akajitanda kanga yake, akashuka ngazi.