Mabati Yetu Si Bati

Wadau, juzi mvua ilinikuta kwa bibi. Tone la kwanza likaangukia daftari langu, la pili kichwani. Kukagua juu, bati limeliwa na kutu kuanzia pale msumari ulipopita. Bibi akasema, "Hilo lina umri wako, mjukuu wangu. Ya siku hizi hayafiki huko." Nikaanza kuchimba.

Kumbe mabati yetu si bati! Bati lenyewe ni ile metali inayopakwa makopo. La paa ni chuma kilichovikwa zinki, na kukivika ndiyo kazi. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi, chuma zaidi ya 1,500, kwa hiyo unaweza kuchovya bamba la chuma ndani ya zinki ya moto bila kuliyeyusha. Ila chuma kikiwa na kutu, zinki inakikataa kama maji juu ya jani la gimbi. Inajikunja matone, inadondoka.

Mfaransa Malouin alieleza uchovyaji huu mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1742. Biashara kubwa ikachelewa karibu miaka mia, hadi Mfaransa mwingine, Stanislas Sorel, alipopata hataza mwaka 1837. Yeye aliosha chuma kwa tindikali ya salfa, akakipitisha kwenye chumvi ya amonia imalizie utando uliobaki, ndipo akachovya. Zinki ikatandaa yenyewe.

Tena haikai juu tu kama rangi. Inaingiliana na chuma, na katikati yao huzaliwa matabaka ya mchanganyiko wa hizo mbili. Hata bati likichubuka, zinki ya jirani huanza kuliwa yenyewe kabla ya chuma. Ni umeme mdogo unaofanya hivyo, ndiyo maana Sorel aliupa ufundi wake jina kutokana na Galvani, yule Mtaliano wa miguu ya vyura.

(Mikunjo ni hadithi nyingine: Henry Palmer wa bandari ya London aliipatia hataza mwaka 1829, kabla ya zinki ya Sorel.)

Kwa hiyo umri wa paa unategemea sana wingi wa zinki. Nikampigia muuza mabati mmoja: yako yana gramu ngapi za zinki kwa mita moja ya mraba?

"Kaka, sisi tunauza geji. Unataka ishirini na nane au thelathini?"

Geji ni unene wa bamba, wadau. Zinki hajaitaja.