Ufikivu na Tangazo la Mlali

Mlali ninayoizungumzia ni ya wilaya ya Kongwa, si ile ya Mvomero. Asubuhi moja nilikuwa pale mbele ya duka ambalo ukuta wake ndio ubao wa matangazo, nikamwona bibi mmoja amemshika mkono mjukuu wake, mvulana wa darasa la tano hivi. Karatasi mpya ilikuwa imebandikwa. "Hebu nisomee, baba," bibi akasema. Mtoto akasoma bila kukwama: wanufaika wote wa pembejeo za ruzuku mnataarifiwa kuhudhuria zoezi la uhakiki mkiwa na vielelezo stahiki. Akanyamaza. Bibi akasubiri.

"Nimesikia. Sasa wanasemaje?"

Mtoto akaitazama tena karatasi. "Ndivyo ilivyoandikwa, bibi."

Kilichokosekana kwenye karatasi ile kina jina: ufikivu. Neno hili limezoeleka zaidi katika mambo ya watu wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, umelitengea jambo hilo ibara ya 9 nzima, na mwaka 2010 tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mlali maana hiyo ya kwanza haihitaji mwalimu. Kijiji kina kituo cha kanisa kinachohudumia watoto wenye ulemavu wa viungo, na anayemsukuma mtoto kwenye kiti mwendo anajua ngazi tatu za zege ni ukuta. Ila ibara ileile inataja habari na mawasiliano pamoja na majengo na usafiri. Sentensi nayo ina ngazi zake.

Kuna wanaosema "upatikanaji". Hapana. Tangazo lile lilipatikana, tena bure, mchana kweupe, na bibi alikuwa amesimama mbele yake. Wengine husema "ufikikaji", kutoka kufikika, kama tunavyosema kijiji fulani masika hakifikiki. Kisarufi ni neno zuri. Shida yake ni kwamba linaniletea picha ya kitu kilichokaa kileleni kikingoja watu wakipandie.

Ufikivu limeundwa kwa njia nyingine. Kutoka sikia tunapata usikivu, kutoka vumilia uvumilivu, kutoka fikia ufikivu. Angalia sifa inamwendea nani: msikivu ni yule anayesikia, mvumilivu ni yule anayevumilia. Mara nyingi tamati hiyo ya -vu humpa sifa mtenda, si mtendwa. Mtu anaweza kusema basi neno limekosewa, kwa kuwa jengo halimfikii mtu, bali hufikiwa. Kwa majengo nakubali. Kwa maneno, hapo ndipo ninapolipenda: lugha fikivu ni ile inayokwenda yenyewe mpaka kwa mtu. Tena ndivyo tunavyosema siku zote. Ukishaelewa ulichoambiwa unajibu, "Ujumbe umefika." Safari ni ya ujumbe, na mzigo ni wa aliyeutuma.

Istilahi yenyewe inaweza kuwa fikivu. Buigiri, kwenye barabara ya kuelekea Dodoma, kuna shule ya wasioona tangu 1950, na maandishi wanayosoma watoto wale kwa vidole tunayaita nukta nundu. Sijui neno la kitaalamu lililoundwa vizuri kuliko hilo. Hata asiyewahi kuyaona, akiambiwa jina tu, kidole chake kinajua kitakutana na nini.

Kongwa ina somo lake kubwa zaidi, nalo linahusu vikope. Wataalamu huuita ugonjwa huo trakoma: macho ya mtoto huambukizwa, tena na tena, mpaka miaka ikipita kope hujikunja kwa ndani zikawa zinakwaruza jicho kila anapopepesa. Watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya wilaya hii walijua kwamba kumwambia mama "mwoshe mtoto uso" hakutoshi. Mama amelisikia. Lakini maji ameyatoa mbali kwa ndoo kichwani, na kwa hesabu yake uso wa mtoto unakula maji mengi. Kwa hiyo ujumbe uliohitajika ulikuwa mwingine: maji kidogo yanatosha. Na huo hausemwi, unaonyeshwa, hadharani, kwa maji yenyewe. Jaribio lililochapishwa 1995 katika jarida la The Lancet lilichukua vijiji vilivyopewa dawa ya macho, baadhi vikaongezewa kampeni ya kuosha nyuso iliyowashirikisha wanakijiji. Vikope vikali vikapungua zaidi kwenye vijiji vya kampeni. Mimi nikilisoma hilo naona macho ya watoto yaliyookolewa na jinsi ujumbe ulivyofikishwa.

Kabla ya hapo, 1973, nchi nzima ilikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya": redio, vijitabu, na vikundi vya kusikiliza ambamo mtu aliweza kuuliza. Kuuliza ndiko kunakokosekana ukutani.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini tangazo la Mlali lilikuwa la Kiswahili, kila neno. "Wanufaika", "uhakiki", "stahiki": yote yamo kwenye kamusi. Mwandishi wake aliiandikia ofisi yake, si bibi aliyejifunza kusema kwa Kigogo au Kikaguru.

Mwenye duka akatoka akifuta mikono. "Mbukwa, bibi," akaanza kwa salamu ya Kigogo, kisha: "Wale mliojiandikisha kupata mbegu za alizeti za bei nafuu, mnaitwa Jumanne. Uje na kitambulisho, waangalie kama jina lako limo." Akarudia kwa Kigogo.

"Kumbe ni alizeti!" Bibi akamgeukia mjukuu. "Kimbia nyumbani, kaangalie kwenye lile sanduku chini ya kitanda, ndani ya kitambaa cha bluu."